Kiwele cha ng'ombe: sehemu zake, majina yake na kanuni za ukamuaji zinakotoka

Simu nyingi anazopigiwa daktari wa mifugo kuhusu ng'ombe wa maziwa huanza hivi: "Daktari, ng'ombe wangu ana shida ya titi." Kwa maneno hayo daktari hajaambiwa kitu. Huenda ngozi ya chuchu imepasuka, huenda tundu limeziba, huenda upande mmoja wa kiwele umekuwa mgumu na wa moto, au huenda kiwele kizima kimejaa maji kwa sababu ng'ombe anakaribia kuzaa. Huenda pia hakuna ugonjwa wowote, ng'ombe amezuia tu maziwa. Matibabu hayafanani, na baadhi ya hali hizo hazihitaji dawa kabisa. Anayejua kutaja sehemu kwa jina lake husaidiwa haraka. Zaidi ya hapo, huanza kuelewa kwa nini huambiwa aoshe hivi na akamue vile, maana karibu kila kanuni ya ukamuaji inatokana na jinsi kiwele kilivyoumbwa.

Robo nne zisizochanganyika

Kiwele ni kile chote kinachoning'inia kati ya miguu ya nyuma. Chuchu ni zile nne zinazotokeza chini yake. Neno "titi" hutumika sana, lakini mmoja huwa anakusudia chuchu na mwingine kiwele kizima, kwa hiyo mbele ya mtaalamu ni afadhali kusema kiwele au chuchu.

Kila chuchu ina sehemu yake ya kiwele, na sehemu hiyo huitwa robo. Kwa nje ngozi ni moja, ila ndani kila robo ni tezi inayojitegemea, na maziwa ya robo moja hayapiti kwenda robo nyingine. Ndiyo sababu ng'ombe anaweza kutoa usaha kwenye chuchu moja huku tatu zilizobaki zikitoa maziwa ya kawaida, na ndiyo sababu dawa ya bomba, ile inayosukumwa kupitia tundu la chuchu, ikiingizwa kwenye robo ya mbele haiponyi ya nyuma. Hapa wengi huteleza: wakitibu robo moja humwaga maziwa ya robo hiyo tu na kuuza ya nyingine tatu. Dawa huingia kwenye damu, na damu ile ile hulisha robo zote. Maziwa ya ng'ombe mzima hayanyweki wala hayauzwi mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa uishe.

Kulia na kushoto ni kwa ng'ombe mwenyewe. Simama nyuma yake ukitazama kichwa chake kilipo: mkono wako wa kulia ndio upande wake wa kulia. Hivyo utasema "robo ya nyuma kulia" au "ya mbele kushoto", na daktari aliye mbali ataelewa bila kuuliza tena. Robo mbili za nyuma huwa kubwa zaidi na hutoa takribani asilimia 60 ya maziwa, kwa hiyo zile za mbele kutoa kidogo si dalili ya ugonjwa. Dalili ni robo moja kupungua ghafla ikilinganishwa na jirani yake wa upande wa pili.

Ndama jike wengine huzaliwa na chuchu ya tano au ya sita, ndogo, mara nyingi nyuma ya zile za kawaida. Chuchu hizo za ziada huondolewa na daktari ndama akiwa bado mdogo. Zikiachwa huweza kuwa maficho ya vijidudu na husumbua wakati wa kukamua. Mfugaji asizikate mwenyewe, kwani kuna waliokata chuchu halisi na kupoteza robo nzima kabla mtamba hajazaa hata mara moja.

Kinachobeba uzito

Kiwele cha ng'ombe anayetoa maziwa mengi kinaweza kufika kilo 50 kikiwa kimejaa, na hakuna mfupa unaokishika kwa chini. Hubebwa na kano. Za pembeni ni ngumu na hazinyumbuki sana. Ile ya kati hunyumbuka, nayo ndiyo inayogawa kiwele nusu mbili na kuacha mfereji unaoonekana ukimtazama ng'ombe kwa nyuma. Kiwele kinapojaa, kano ya kati hunyumbuka kidogo, na maziwa yakitoka kano hiyo hujikunja na kukirudisha kiwele juu.

Kano hiyo ikishindwa, mfereji wa kati hupotea, sakafu ya kiwele hushuka, na chuchu hutazama nje badala ya kutazama chini. Ng'ombe huyo hukanyaga chuchu zake anapoinuka, na kiwele huburuta kwenye matope. Hali hii haina dawa. Kinga yake ni kuchagua. Ukinunua ng'ombe, mwangalie kwa nyuma: mfereji wa kati uonekane wazi, sakafu ya kiwele iwe juu ya kifundo cha mguu wa nyuma, na chuchu ziwe na urefu wa kukaa kwenye kiganja, kama sentimita 5 hadi 7. Ukinunua mtamba ambaye hajazaa, kiwele chake bado hakisemi mengi, kwa hiyo omba kuona cha mama yake.

Chini ya tumbo, kuanzia kiweleni kuelekea kifuani, hupita mshipa mnene uliopindapinda, ambao ni mshipa wa maziwa. Jina lake huwadanganya watu. Ndani yake hamna maziwa, bali damu inayotoka kiweleni kurudi moyoni. Madalali wa minadani husifia sana unene wake, lakini ng'ombe mzee huwa nao mnene hata akiwa na maziwa machache, kwa hiyo usiwe kigezo pekee. Wala mtu asichome sindano hapo kwa sababu tu unaonekana vizuri. Unavuja damu nyingi na huacha uvimbe mkubwa.

Safari ya maziwa ndani ya robo

Juu kabisa ndani ya kila robo kuna vifuko vya maziwa, vidogo mno, vilivyojipanga kwa vishada. Ukuta wa kila kifuko una seli zinazochukua maji, sukari, mafuta na vijenzi vya protini kutoka kwenye damu na kutengeneza maziwa. Kazi hiyo ni kubwa: ili lita 1 ya maziwa ipatikane, damu ipatayo lita 400 hadi 500 hupita kiweleni. Ng'ombe mwenye kiu au anayelishwa vibaya hawezi kudanganywa na dawa ya kuongeza maziwa, kwa sababu malighafi haipo.

Kutoka kwenye vifuko maziwa huingia mirija myembamba, kisha mirija mipana, halafu hodhi ya kiwele, yaani nafasi wazi iliyo juu tu ya chuchu. Hapo huteremka hodhi ya chuchu, ambayo ni nafasi ndani ya chuchu yenyewe, na mwisho tundu la chuchu.

Sasa angalia mgawanyo wake. Kwa ng'ombe wa kisasa kama Friesian au Ayrshire, saa 12 baada ya kukamuliwa, kama asilimia 20 tu ya maziwa huwa yameshashuka kwenye hodhi. Asilimia 80 iliyobaki imekwama juu, kwenye vifuko na mirija myembamba, na hakuna nguvu ya mkono wala mashine inayoweza kuyavuta kutoka huko. Ni lazima ng'ombe mwenyewe ayashushe.

Kushusha maziwa

Kila kifuko kimezungukwa na visuli vidogo. Chuchu zinapoguswa, zinapooshwa, au ng'ombe anaposikia sauti ya ndoo aliyoizoea, ubongo huachia homoni iitwayo oksitosini. Hiyo husafiri kwa damu hadi kiweleni na kukaza visuli hivyo, navyo hukamua vifuko. Tangu kuguswa chuchu hadi maziwa kushuka hupita kama dakika 1, na nguvu ya homoni hudumu dakika 5 hadi 8 tu.

Humo ndimo zinamotoka kanuni tatu. Ya kwanza, ukishaosha na kukausha chuchu, anza kukamua ndani ya dakika moja hivi. Anayeosha ng'ombe wote watano kwanza ndipo arudi kukamua wa kwanza huwa ameipoteza homoni ya yule wa kwanza. Ya pili, maliza bila kukatiza. Ukiacha katikati ili upokee simu au ukaangalie chai jikoni, ukirudi utakuta hodhi imeisha na vifuko vimefunga. Ya tatu, ng'ombe asitishwe. Kipigo, mbwa, mgeni anayepiga kelele au sindano ya dawa kabla ya kukamua huachia adrenalini, ambayo hubana mishipa ya damu kiweleni na kuzuia oksitosini isifanye kazi. Ng'ombe "anayeficha maziwa" kwa kawaida hana hila yoyote. Mwili wake umeona hatari.

Maziwa yanayobaki kwa kukamua vibaya ndiyo yenye mafuta mengi zaidi, kwa sababu mafuta hushuka mwishoni. Halafu kiwele kinachobaki na maziwa kila siku hupunguza utengenezaji. Robo hupima ujazo wake yenyewe, na ikikaa imejaa seli hupunguza kazi. Mfugaji anayelalamika kwamba ng'ombe alianza na lita 15 na sasa anatoa 9, huku chakula ni kile kile, na aangalie kwanza mkono unaokamua.

Milimita 10 zinazolinda kila kitu

Tundu la chuchu lina urefu wa kama milimita 8 hadi 12. Ni njia fupi mno, na ndiyo mlango pekee wa kawaida ambao vijidudu hutumia kuingia kiweleni. Limezungukwa na msuli wa duara unaolifunga, na kuta zake zimepakwa utando wa nta uitwao keratini, ambao hunasa bakteria kabla hawajafika hodhi ya chuchu. Tunapokamua, sehemu ya nta hiyo hutoka na maziwa pamoja na uchafu ulionaswa. Ndiyo sababu michirizi miwili mitatu ya kwanza haichanganywi na maziwa ya kuuza.

Baada ya kukamua, msuli wa duara haufungi papo hapo. Huchukua nusu saa hadi saa nzima, wakati mwingine zaidi. Kwa muda huo tundu liko wazi, na ng'ombe akilala kwenye kinyesi, uchafu unagusa mlango ulioachwa wazi. Dawa yake ni rahisi, haigharimu kitu: mpe majani mabichi horini mara tu anapomaliza kukamuliwa, naye atasimama akila. Pamoja na hilo, chovya kila chuchu kwenye dawa ya ayodini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mpaka chuchu nzima iloe, si ncha peke yake. Dawa iliyobaki kikombeni baada ya ng'ombe wote kuisha humwagwa, hairudishwi kwenye chupa.

Kuosha nako kuna mpaka. Osha chuchu, usioshe kiwele chote. Maji yakimwagwa juu ya kiwele hushuka na uchafu wote hadi ncha ya chuchu, na tone moja chafu huning'inia hapo hapo penye tundu. Kausha kwa kitambaa kikavu, na kila ng'ombe awe na chake. Kitambaa kimoja kwa zizi zima husambaza ugonjwa kama vile mtu angechukua maziwa ya mgonjwa na kuwapaka wazima.

Jinsi ya kukamua kwa mkono nayo inatokana na hodhi na tundu. Shika chuchu kwa kiganja kizima. Bana juu, chuchu inapoungana na kiwele, kwa kidole gumba na cha shahada, ili maziwa ya hodhi ya chuchu yasirudi juu. Kisha funga kidole cha kati, cha pete na cha mwisho, kimoja baada ya kingine, ukisukuma maziwa yatoke. Legeza, hodhi ijae, rudia. Anayevuta kwa vidole viwili akiteleza kuanzia juu hadi chini huchubua ngozi laini ya ndani ya hodhi. Michubuko ikipona huacha makovu, na makovu hufanya njia kuwa nyembamba, na ng'ombe huwa mgumu kukamua maisha yake yote. Mafuta ya kukamulia hupakwa baada ya kukamua kulainisha ngozi. Yakipakwa kabla huishia ndani ya ndoo, na kulowesha vidole kwa maziwa ni kubaya zaidi.

Na chuchu ikiziba, usiingize njiti ya kiberiti, waya wala bua la jani. Hakuna kitu kinachoua robo haraka kama hicho. Kinachosukumwa ndani ni bakteria, na keratini iliyokuwa inalinda huwa imekwanguliwa.

Ugonjwa wa kiwele na majirani zake

Bakteria wakishapita tundu na kufika juu, tunapata ugonjwa wa kiwele, ambao wafugaji wengi wa Kenya huuita mastaitisi. Ukiwa wazi, robo huvimba, huwa ya moto na ngumu, na maziwa hutoka na vipande, maji maji, damu au usaha. Michirizi ya kwanza ikikamuliwa kwenye kikombe chenye uso mweusi, vipande hivyo vyeupe huonekana mapema, kabla robo haijavimba. Kukamulia sakafuni huficha dalili hiyo na kueneza vijidudu penye malazi.

Ule uliojificha ndio unaokula mfuko wa mfugaji. Maziwa huonekana ya kawaida, kiwele hakiumi, lakini chembe nyeupe za kinga zimejaa kwenye maziwa na robo imepunguza utoaji. Zikizidi 200,000 kwa mililita moja, kwa kawaida robo hiyo ina maambukizi. Zizini hupimwa kwa kipimo kilichobuniwa California mwaka 1957: kibao chenye vikombe vinne, kikombe kimoja kwa kila robo. Weka maziwa kama mililita 2 kwenye kila kikombe, ongeza dawa ya kupimia ya kiasi hicho hicho, zungusha polepole kwa sekunde kama 10. Yakibaki majimaji, robo ni nzima. Yakianza kuwa mazito kama ute, ina shida, na kadiri yanavyoganda ndivyo hali ilivyo mbaya. Andika matokeo kwa jina la robo. Matokeo ya "ng'ombe mzima" hayasaidii.

Bakteria wanaoleta ugonjwa huu hawafanani. Stafilokoka na streptokoka mara nyingi hutoka kwenye ng'ombe mgonjwa na kubebwa na mikono, kitambaa au mashine, kwa hiyo mgonjwa hukamuliwa wa mwisho. E. koli hutoka kwenye kinyesi na malazi yenye unyevu, na anaweza kumwangusha ng'ombe kwa siku moja, akiwa na homa kali na maziwa yaliyogeuka maji. Huyo hasubiri hadi kesho.

Hali mbili huchanganywa na ugonjwa huu. Ya kwanza ni uvimbe wa maji, hasa kwa mtamba anayezaa mara ya kwanza. Kiwele hujaa pande zote, wakati mwingine hadi kitovuni, na ukibonyeza kwa kidole gumba shimo hubaki kwa muda. Hakuna robo iliyo ya moto peke yake, na baada ya kuzaa maziwa ni safi. Punguza chumvi, mtembeze, kanda kiwele, hupungua chenyewe. Usikamue kabla hajazaa bila ushauri wa daktari, kwa sababu utamwaga dang'a, maziwa ya mwanzo yenye kinga ya ndama. Ndama wa kilo 35 anahitaji kama lita 3.5 za dang'a, aanze kupewa ndani ya saa chache za mwanzo, kwani baada ya siku moja utumbo wake hauwezi tena kupitisha kinga hiyo kwenye damu.

Ya pili ni homa ya maziwa, ambayo pamoja na jina lake haiko kiweleni na wala haina homa. Ni upungufu wa kalsiamu kwenye damu, mara nyingi ndani ya siku 3 baada ya kuzaa. Ng'ombe hushindwa kuinuka, masikio yanakuwa ya baridi, na shingo hukunjwa kuelekea ubavuni. Bomba la kiweleni halimsaidii. Anahitaji kalsiamu kwenye mshipa, itiwe polepole na daktari anayesikiliza moyo. Ukisema kwenye simu "homa ya maziwa" wakati unamaanisha robo imevimba, daktari atafika na dawa isiyohusika.

Kukausha

Ng'ombe hukaushwa, yaani huachwa kukamuliwa, siku 60 hivi kabla ya kuzaa, ili seli za vifuko zijijenge upya. Punguza chakula cha ziada, kamua mara ya mwisho hadi mwisho, kisha acha moja kwa moja. Kukamua siku moja na kuruka nyingine huacha tundu likifunguka mara kwa mara wakati linapaswa kujijengea kizibo cha keratini. Bomba la dawa ya kukausha huwekwa kila robo. Safisha ncha za chuchu kwa pamba yenye spiriti ukianza na zile za mbali nawe, kisha weka dawa ukianza na za karibu, ili mkono usiguse chuchu zilizokwisha kusafishwa. Ncha ya bomba iingie kidogo tu, milimita 3 au 4. Ikisukumwa yote hukwangua keratini. Kiwele kitajaa siku chache, halafu kitanywea. Usikikamue kwa huruma.

Mbuzi na ngamia

Mbuzi ana chuchu mbili, na kila moja na nusu yake ya kiwele. Kwa mbuzi wa maziwa kama Toggenburg wanaofugwa Meru, hodhi ni kubwa na hubeba sehemu kubwa ya maziwa, kwa hiyo hukamulika kwa urahisi hata kabla homoni haijafanya kazi. Kipimo cha vikombe kwa mbuzi husomwa kwa uangalifu: maziwa yake kwa kawaida yana vipande vya seli, na uzito kidogo kikombeni si lazima uwe ugonjwa. Linganisha nusu mbili. Zikitofautiana, hapo pana jambo.

Ngamia ni kinyume chake. Ana chuchu nne, lakini hodhi yake ni kama haipo. Karibu maziwa yote yako juu. Bila nirigi, yaani ndama wake, kunyonya kwanza kwa kawaida hatashusha, na akishusha hudumu dakika moja na nusu hadi mbili hivi, ndiyo maana wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hukamua watu wawili, mmoja kila upande, wakiwa wamesimama. Tena kila chuchu ya ngamia huwa na matundu mawili, wakati mwingine matatu, na kila tundu lina tezi yake juu. Bomba moja la dawa kwenye tundu moja hutibu nusu tu ya kilicho juu ya chuchu hiyo, kwa hiyo anayetibu hutafuta tundu la pili kabla hajafungasha vifaa.